Siku ya Tatu

Safari ya Wachagga ya Desemba imeshataniwa vya kutosha. Nauli za Moshi zinapanda, Dar es Salaam inapumua, na barabara ya Chalinze hadi Himo inajaa magari yaliyosheheni watoto waliovalishwa masweta kabla hata ya kufika Same. Wajukuu wanapelekwa kwa bibi, wanachinjiwa, wanarudi Januari na mashavu. Isiyosemwa ni safari ya upande wa pili, ya miezi ya kawaida, bibi anaposhuka mwenyewe. Anafika Mbezi, kituo cha Magufuli, jioni, ndani ya sweta ambalo joto la mji limeshaligeuza adhabu. Buti la basi linafunguliwa, na kijana wa toroli anautazama mzigo mara mbili kabla ya kutaja bei: mkungu wa ndizi mshare uliofungwa kwa majani makavu ya mgomba, kiroba cha maharage, ndoo ya maparachichi, dumu la mtindi. Mtu wa namna hii hakuja kutembea. Amehamisha sehemu ya shamba.

Bibi haji bila sababu, na sababu huwa mbili, ya kusema na ya kweli. Ya kusema ni macho, anataka kuonana na daktari; au ni baridi ya Julai kule mlimani, mifupa haiiwezi tena. Ya kweli ni kwamba kuna kichanga, na mama yake anarudi kazini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama likizo ya siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akisharudi inamruhusu hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Walioandika kifungu hicho nadhani walikaa jirani na ofisi. Kwa anayetoka Goba kwenda Posta, saa mbili zinaishia kwenye foleni na mtoto hajaonja hata tone. Baba sheria imemwekea angalau siku tatu, za kushangaa. Kati ya siku ya 84 na ile ambayo mtoto ataweza kusema kinachomuuma, hapo ndipo watu tuliosoma, wenye mishahara na simu kubwa, tunapokumbuka kuwa tuna mama kijijini.

Tukishampata hatujui tumweke wapi. Sisi wa mjini tuna adabu moja tu kwa mzee anayetutembelea, nayo ni kumkalisha. Pumzika, mama. Akinyanyuka na kikombe chake anapokonywa. Akishika ufagio nyumba nzima inashtuka. Anawekwa kwenye kochi mbele ya tamthilia ya Kituruki inayosema Kiswahili, anapewa mto wa mgongo na rimoti asiyoijua, kisha kila mtu anashika njia yake akiwa ameridhika kwamba mzee ameheshimiwa. Wahenga hawakuwa na huruma ya aina hii. Walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na tumezoea kuisikia methali hiyo kama kijembe kwa wageni wasioaga. Mimi siku hizi naisikia kwa masikio ya mgeni. Anayepewa jembe amehesabiwa kuwa wa nyumbani. Asiyepewa anaambiwa, kwa heshima zote, kwamba nyumba hii inakwenda bila yeye.

Mama mkwe wangu hakuingoja siku ya tatu, wala hakungoja kupewa. Alfajiri ya kwanza nilimkuta nyuma ya nyumba, kati ya chemba ya maji taka na ukuta wa jirani, mahali tulipokuwa tunatupa ndoo zilizopasuka, anachokonoa udongo kwa kisu cha jikoni. Aliinama kutokea kiunoni, miguu imenyooka, namna ile ya wanawake waliolima tangu wakiwa wasichana. Pindo la khanga lilikuwa na fundo, na ndani ya fundo mbegu za mchicha na za maboga. Alizifunga Marangu. Yaani alipanda basi akijua kwamba huku anakokwenda hataachiwa kitu cha kufanya, akachukua tahadhari. Jembe la kweli alilipata baadaye asubuhi ile ile kwa mlinzi wa jirani, ambaye walikwisha kuulizana ukoo na kanisa kabla sisi hatujapiga mswaki. Tunapita mbele ya mlinzi huyo kila siku na hatukuwahi kujua anatoka wapi.

Ukitaka kuelewa kwa nini kochi linamuumiza, angalia alichokiacha. Kihamba ni shamba lililopandwa kwenda juu: miti mirefu, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi na mboga, na pembeni ng'ombe bandani, asiyetoka, anayeletewa kila kitu. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliuingiza mfumo huu, kupitia Shimbwe Juu, kwenye orodha yake ya urithi wa kilimo duniani. Heshima kubwa, na inastahili. Ila urithi huo haujiendeshi. Majani ya ng'ombe kuna anayeyakata na kuyabeba kichwani, samadi kuna anayeirudisha kwenye migomba, na mara nyingi ni mwanamke aliyekwisha kuvuka miaka sitini. Kwa hiyo kila jioni, saa moja kamili, kitochi kilikuwa kinatolewa kifuani na mpwa wake aliyeachiwa boma anapigiwa. Hasalimiwi sana. Amekula? Amekula nini? Nani amekamua? Basi, salio linakwisha. Na kwa kuwa kitochi hicho hakisikii vizuri na mwenye nacho anakisaidia kwa sauti, mtaa mzima ulijua hali ya ng'ombe wa Marangu.

Watoto wetu ni watatu na majina yao si ya kwao. Kwa Wachagga wengi mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la babu mzaa baba, wa kwanza wa kike la bibi mzaa baba, halafu zamu inahamia upande wa mama. Kwa hesabu hiyo kifungua mimba wangu ni baba mkwe, ambaye ni marehemu. Wa pili, binti, ni mama mkwe. Kichanga ni baba yangu mzazi wa Same. Majina yenyewe siyaandiki, maana mkwe hamtaji mkwe, hata kwenye karatasi. Mkubwa namwita Baba, binti namwita Mama, na mwalimu akiniuliza jina la mwanangu huwa namwonyesha jalada la daftari. Bibi asipokuwepo, utaratibu huu hausumbui. Akiwepo, kila neno lina watu wawili. Binti kamwaga uji kwenye kochi, unamgombeza nani?

"Mama, mbona huna adabu wewe?"

Sentensi hiyo imetoka kinywani mwangu sebuleni, mwenye jina amekaa kwenye kigoda hatua mbili kutoka niliposimama, anachambua maharage. Hakuinua kichwa. "Mwambie huyo," alisema. "Tangu zamani hana adabu."

Mkubwa ana miaka sita, bado anavaa viatu kushoto kulia, na tangu bibi aingie yeye ni mume wa mtu. Anatengewa kwanza. Anaombwa ruhusa ya kwenda sokoni. Siku moja aliulizwa, mbele ya wageni, hela za kahawa za msimu ule alizipeleka wapi, akajibu bila kusita kwamba alinunua baiskeli. Bibi alicheka mpaka akafuta macho kwa khanga, akaendelea kufuta hata baada ya kicheko kwisha. Usiku mume wangu akaniambia kwamba marehemu kweli aliwahi kununua baiskeli, mwaka ambao nyumba ilikuwa inangoja mabati.

Mwaka 1940 mwanaanthropolojia Mwingereza A. R. Radcliffe-Brown aliandika makala juu ya utani, akaeleza kwamba kati ya mzazi na mtoto kuna amri na utii, ila babu na mjukuu hawadaiani hayo: mmoja yuko njiani kutoka, mwingine anaingia kuchukua kiti chake, kwa hiyo wanaweza kuchekana. Maelezo mazuri. Anayesahauliwa ni yule wa katikati. Mume wangu alilelewa na mwanamke huyu chini ya fimbo ya mbuni iliyokaa juu ya mlango, na chakula kilichobakizwa usiku alikikuta asubuhi, sahani ile ile. Sasa anamwona mama huyo huyo akimmenyea mjukuu chungwa saa nne usiku kwa sababu mjukuu ameliota. Hasemi kitu. Anatazama tu kama mtu aliyeuziwa kiwanja kilichokwisha kuuzwa. Alipojaribu kuuliza sheria ya kulala saa mbili imeishia wapi, alijibiwa kwamba sheria ni zake yeye na watoto wake. Bibi amekuja kwa mumewe.

Nami nina kesi yangu. Mimi ni Mpare, na Mpare na Mchagga ni watani. Lakini mkwe hataniwi. Kwa kabila naweza kumwambia lolote, kwa ndoa siwezi kumwambia chochote. Tumejifunza kuishi humo humo. Nikipandisha sauti dukani kwa ajili ya chenji ya shilingi mia mbili, ananiuliza kama nimeshapata ng'ombe wa kuuza kuendeshea kesi. Nikimkuta anahesabu upya mayai niliyokwisha kuyahesabu, naidondosha sarafu sakafuni nione kama atageuka. Hugeuka, tena anaiokota na kuifunga pindoni. Mambo ambayo mama mkwe wa heshima hasemi na mkamwana wa heshima hasikii yamepita kwa mlango huo: kwamba chumvi imezidi, kwamba ninarudi usiku sana, kwamba mwanawe ni mvivu na hilo si kosa langu.

Utani lakini hauna nguvu kwenye mambo ya kichanga. Hapo tuligongana wazi. Mtoto alikuwa hajatimiza miezi minne, anaamka usiku analia, na bibi alikuwa na jibu: ana njaa, apewe uji mwepesi wa ndizi, waume wote wa Marangu wamekulia huo. Nilisema hapana. Nilileta kadi ya kliniki nikijiandaa kumsomea kwamba ni maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Akaipokea, akavaa miwani, akaipita sehemu ya maneno na kwenda moja kwa moja kwenye mchoro wa uzito. Akaufuata mstari kwa kidole kuanzia siku ya kuzaliwa, pole pole, kama anayesoma zaburi. Nikakumbuka kwamba huyu naye aliwahi kusimama kwenye foleni ya mizani, mtoto mgongoni. "Anapanda," alisema. "Basi anyonye. Ila wewe kula." Tangu hapo uji wa ndizi ukawa wangu, bakuli zima kabla ya basi la asubuhi na jingine likiningoja jioni, na maziwa niliyokamua yalitosha mchana kutwa. Naona kila mmoja alishinda kesi yake.

Nilijifunza zaidi kwa kumtazama akiogesha. Hataki beseni. Anakaa chini kwenye mkeka, ananyoosha miguu, anamlaza mtoto juu ya miundi yake, kichwa kikielekea kwenye vifundo, na miguu hiyo miwili inakuwa kitanda chenye mfereji katikati. Maji anayapima kwa kiwiko. Anamimina kwa kikombe, mkono mwingine unapita nyuma ya masikio, makwapani, kwenye mikunjo ya shingo panapojificha maziwa yaliyoganda. Kisha anamgeuza kifudifudi kwa mkono mmoja, na hapo mtoto, ambaye kwenye beseni hulia mpaka anabadilika rangi, ananyamaza na kuanza kulamba muundi wa bibi. Mwisho mafuta, na viungo vinanyooshwa: mkono wa kulia ukutane na mguu wa kushoto, kisha kinyume. Hakuna haraka yoyote. Kazi hiyo ilichukua muda ambao mimi hutumia kuogesha watoto wote watatu na kuwafungia mikoba.

Kazi ya bibi imewahi hata kupimwa. Magharibi ya Mlima Kilimanjaro, kwenye nyika za Ziwa Eyasi, mwanaanthropolojia Mmarekani Kristen Hawkes na wenzake James O'Connell na Nicholas Blurton Jones walikaa na Wahadzabe miaka ya 1980, wakiandika vitu ambavyo kwa kawaida haviandikwi: nani ametoka kambini saa ngapi, amechimba muda gani, amerudi na nini, watoto wameongezeka kilo ngapi. Waliowashangaza ni wanawake wazee. Waliokwisha kukoma kuzaa ndio walioshinda porini muda mrefu kuliko mabinti zao, wakifukua kwa mti uliochongwa ncha mizizi iliyolala chini ya mawe, ambayo mtoto mdogo hana nguvu ya kuifikia. Katika makala yao ya 1997 walionyesha kwamba uzito wa mtoto aliyeachishwa ziwa hufuata juhudi za mama yake, mpaka mama apate mtoto mwingine. Hapo uzito wa yule aliyeachishwa unaanza kufuata juhudi za bibi. Kutoka hapo wakajenga hoja kubwa: kwamba mwanamke huishi miaka mingi baada ya kukoma hedhi, jambo lisilo la kawaida kwa sokwe, kwa sababu tangu kale wajukuu wa bibi mchapakazi ndio waliopona. Wapo wataalamu wanaoibishia, na wabishane. Nyumbani kwetu aliyenenepa miezi ile hakuwa kichanga, aliyekuwa na maziwa yake. Alikuwa binti wa miaka minne, yule ambaye tangu ndugu yake azaliwe alikuwa hali mpaka abembelezwe, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumbembeleza.

Nilimsimulia mama mkwe habari za Eyasi tukiwa tunamenya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hao Wazungu walitoka kwao kuja kumwangalia bibi akichimba?"

"Ndiyo, mama."

"Na hawakumsaidia?"

Kuna mtu sijamtaja, kama ambavyo mara nyingi hatajwi. Watoto wa Dar es Salaam wanalelewa na dada. Wetu ametoka Singida, ni msichana mpole wa miaka kumi na tisa, na kuanzia saa kumi na mbili asubuhi ninapofunga geti mpaka jioni nyumba ile ni yake. Bibi alipoingia, mamlaka hayo yalitikisika. Siku za mwanzo vita vilikuwa vya sufuria: mmoja anaziweka juu, mwingine anazikuta na kuziweka chini, na hakuna anayesema neno. Nilijua lazima mmoja ataondoka, na kwa uzoefu wa nyumba nyingi anayeondoka huwa ni dada. Sijui siku hasa mambo yalipogeuka. Najua tu kwamba jioni moja niliwakuta wamekaa mkeka mmoja, dada amenyoosha miguu, kichanga yuko juu ya miundi yake, na mikono ya dada haikuwa ya mtu anayefundishwa. Alikuwa anajua. Naye alilelewa na bibi, huko kwao, na wadogo zake amewaogesha hivyo hivyo. Alipofika mjini akaona beseni la plastiki lenye picha ya bata, akadhani ndivyo inavyotakiwa, akaficha anachokijua ili asionekane wa kuja. Mimi niliishi naye mwaka na zaidi. Bibi alimuuliza tu mama yake yuko wapi, na bibi yake je, yu hai?

Baada ya hapo walikuwa serikali moja. Mchicha wa nyuma ya chemba ulipoota walienda kuuchuma pamoja, binti nyuma yao na kikapu kilichomzidi, akiitwa wajina kila hatua. Uchambuzi wa maharage ulihamishiwa uani. Tamthilia ya Kituruki ilipata watazamaji wawili waliokuwa wakiwatukana wahusika kwa Kichagga na Kinyaturu, na hakuna aliyehitaji kutafsiriwa.

Aliondoka kama alivyokuja, kwa sababu ya kusema na ya kweli. Ya kusema ilikuwa kipaimara cha mtoto wa jirani. Ya kweli mpwa aliitoa kwenye simu ya saa moja: ng'ombe amezaa, ndama jike, na kondo lilichelewa kutoka. Usiku ule ule mzigo ulianza kufungwa. Tulisema maneno yetu, mama kaa kidogo, mama watoto watalia. Watoto kweli walilia, mkubwa zaidi ya wote, mpaka alipokumbushwa kwamba mwanamume haachwi, mkewe anatangulia tu kuandaa nyumba ya Krismasi. Basi lilipita Same bila kusimama. Alinipigia kunijulisha kwamba kwetu bado kuna jua kali na watu wako mahakamani.

Sasa simu ya saa moja inalia huku. Hanisalimii sana. "Mpe dada." Dada anaipokea, anatoka nayo uani, na maswali yanasikika hadi kwa mlinzi wa jirani. Amekula? Amekula nini? Nani amemwogesha? Huyo mkubwa wake amelala saa ngapi? Dada anajibu moja moja, bila kuniangalia. Juzi nikaomba nami nipewe simu niseme neno, nikasikia kwa mbali akimwambia dada kwamba salio linakwisha.